Gemu Aliyoiacha Jabiri

Jumatano ile Jabiri alipoanza kucheza gemu ya mazombi, toleo la pili, kichwa kilikuwa kinamuuma. Mkewe, Naila, alimwambia aache kwanza, alale, gemu haitakimbia. Jabiri akacheka. Kuishusha gemu ile kulikuwa kumekula bando la wiki nzima, mtandao ukija na kuondoka, naye alikuwa ameisubiri tangu alipomaliza toleo la kwanza. Akacheza mpaka adhuhuri, akamsimamisha mtu wake wa kwenye gemu juu ya paa la jengo refu, akaweka padi ya kuchezea mezani na kusema anapita dukani mara moja. Jioni alirudishwa na bodaboda, shingo imekakamaa, macho hayawezi kutazama taa. Hospitali walisema ni homa ya uti wa mgongo. Ijumaa, kabla ya swala, alikuwa amekwisha kukata roho.

Alikuwa muuza vipuri vya pikipiki hapa Bariadi mjini, nyuma ya soko. Babu yake alitoka Tabora na mzigo wa vitambaa, akaoa huku, na ukoo ukabaki wa wafanyabiashara. Naila yeye ni mzaliwa wa Mwamapalala. Alizaliwa Kija, binti wa Kwandu, mama anayelima pamba na mahindi na kuimba kwaya kanisani. Kija alikuja mjini kujifunza kushona, akakutana na Jabiri, akasilimu, akawa Naila. Hawakujaliwa mtoto. Waliishi nyumba ya familia pamoja na Bi Siwema, mama yake Jabiri, na kila siku kaka mkubwa wa Jabiri, Abubakari, alipita kuwajulia hali akitokea kwake mtaa wa pili.

Baada ya maziko Naila akaingia eda, miezi minne na siku zake kumi. Eda yenyewe aliijua na aliikubali. Kilichomshinda ni namna Abubakari alivyoisimamia. Mtu akigonga geti, Abubakari alitaka afungue Bi Siwema. Dirisha linalotazama barabarani alilifunga yeye mwenyewe kwa msumari, akasema vumbi. Naila alibaki na sebule, chumba, jiko la nje na uani penye tangi la maji. Ilifika mahali akajua jua linagusa ukuta upi wakati upi. Pikipiki zikipita nje alizitambua kwa mlio, hii ya muuza maziwa, ile aliyoitengeneza Limbu, fundi aliyekuwa na kijiwe chake mbele ya duka la Jabiri.

Mama yake, Kwandu, alikuja kumwona akiwa na michembe, viazi vitamu vya kukaushwa, kwenye ndoo.

"Mwangaluka, mayu," Naila alimsalimia mama yake kwa Kisukuma, akashindwa kuendelea, akalia.

Kwandu alimwacha alie, kisha akasema, "Ukimaliza huku urudi nyumbani, Kija. Nimeshakutengea kitanda, kwenye chumba cha watoto wa kaka yako."

Abubakari alikuwa mlangoni anavua viatu. "Ndivyo tulivyozungumza na mama," alisema. "Akitoka eda atakwenda kwao kupumzika."

Naila aliwatazama wote wawili. Walikuwa wamekwisha kukubaliana, na hakuna aliyemwuliza. Mwamapalala alitoka msichana. Angerudi mjane asiye na mtoto, alale na watoto wa kaka yake, asikilize wifi yake akipanga nani achote maji. Na hapa ndani alikuwa mgeni anayesubiri muda wake uishe.

Siku moja mchana Bi Siwema alikuwa ameketi sebuleni, tasbihi mkononi, hasomi kitu. Akasema, "Washa ile mashine ya mumeo."

"Mama?"

"Washa. Nyumba imekuwa kimya mno. Kila nikimaliza swala ya adhuhuri nilikuwa namsikia humu akipigana na watu wake, namgombeza. Nataka nisikie zile kelele tu."

Naila akawasha. Gemu ikafunguka palepale Jabiri alipoiachia. Mtu amesimama juu ya paa, amewapa mgongo, koti linapigwa na upepo. Chini yake mji mzima wa kuta nyeupe, na mwisho wa mji kuna ukuta mrefu uliouzunguka wote ili maradhi yasitoke. Mabega ya yule mtu yalipanda na kushuka.

"Ndiye huyo?" Bi Siwema aliuliza.

"Ndiye mtu wake. Hapo ndipo alipomwacha."

"Anapumua."

"Wamemtengeneza hivyo, mama."

Bi Siwema alitazama kwa muda mrefu. "Mwache hapohapo," alisema. "Usimguse. Cheza wa kwako."

Ndivyo Naila alivyoanza upya, tangu mwanzo wa hadithi, mtu wake mwenyewe. Katika toleo la kwanza hakuwahi kushika padi. Kazi yake ilikuwa kukaa ubavuni mwa Jabiri na kumsomea ramani: kushoto, panda ngazi, mlango wa bluu, nyuma yako, nyuma yako! Njia alizijua kuliko mumewe, lakini vidole havikujua kitu. Siku za mwanzo mtu wake alidondoka kwenye mapaa kama embe bivu, na kila akidondoka Bi Siwema alisema "Innalillahi!" kwa sauti halisi ya msiba. Halafu vidole vikazoea. Umeme ukiwapo, baada ya kazi za jikoni, wakwe hawa wawili walikaa mbele ya runinga mpaka alasiri. Naila alikimbia juu ya mji ule, akiruka uchochoro hadi uchochoro, na Bi Siwema akamwonyesha kwa kidole pa kupita. Hizo ndizo saa pekee za siku ambazo Naila hakusikia dari ikimkalia kichwani.

Akaimaliza. Akaanza tena tangu mwanzo, akafika pale gemu inapokutaka uchague upande, akachagua ule mwingine, akaimaliza tena.

Sasa, Jabiri alikuwa na desturi. Yeye na wenzake, Limbu na mafundi na wauza maduka wachache, walikuwa na grupu la Watsapu la gemu, na Jabiri ndiye aliyekuwa anatangulia. Akimaliza gemu aliandika uzuri wake na ubaya wake, nao wakaamua kama inafaa kupoteza bando. Siku moja Naila alichaji simu ya marehemu, akafungua grupu lile. Walikuwa wamemwombea dua, wakanyamaza, kisha mmoja akaandika: hii ya pili nani sasa atatuambia? Limbu akajibu kwa neno moja tu: hakuna.

Naila akaketi kwenye kigoda cha jikoni, akaandika.

"Assalamu alaykum. Ndugu zangu, nimeicheza mpaka mwisho. Naanza na uzuri kama ilivyo desturi. Mji ni mkubwa kuliko wa kwanza na si mapambo, kila nyumba unaingia, ukikuta jiko utakuta na sufuria. Kukimbia juu ya mapaa ni raha tupu, mwili una uzito, ukiruka vibaya unaumia kweli. Mchana mazombi wamelala ndani, usiku wanatoka. Kwa hiyo ukitaka dawa unajiuliza uingie mchana uwapite wamelala, au usubiri usiku nyumba iwe tupu lakini wao wamejaa njiani. Hilo wameliwaza vizuri sana. Ubaya ni hadithi. La kwanza ulijua nani anamtafuta nani. Hili unatumwa: kachukue betri, kamwambie fulani, na ukirudi unatumwa tena kama mkwe aliyeingia jana. Watu wanaongea sana, na wote wanaongea namna moja. Panga likipiga vichwa vinne limekwisha, nani ameona panga la hivyo? Mazombi ni wengi mpaka huwaogopi. La kwanza walikuwa wachache na kila mmoja ana nguo zake, huyu muuguzi, huyu kondakta, unamwonea huruma kabla hujampiga. Halafu wanakuambia uchague upande. Nimechagua pande zote mbili. Ukuta unabaki palepale. Anayetaka kukimbia aishushe. Anayetaka hadithi arudie la kwanza. Ni mimi Naila."

Akatuma, akarudi kuchambua mchele, moyo mwepesi.

Limbu alikuwa chini ya pikipiki ya mteja. Simu ikalia, akaichungulia kwa mkono wenye grisi, na kwenye kioo akaona picha ya Jabiri akicheka, na maneno haya: Assalamu alaykum. Ndugu zangu, nimeicheza mpaka mwisho. Hakusoma zaidi. Aliinuka akagonga kichwa kwenye usukani, akaingia mbio dukani, ambako Abubakari alikuwa akisimamia mali ya mdogo wake, akamnyooshea simu.

Abubakari alifika nyumbani anahema. Hakuvua viatu.

"Nani ameandika kwa simu ya marehemu?"

"Mimi, shemeji."

"Uko ndani ya eda, unaongea na wanaume kwenye grupu. Kwa jina la mdogo wangu!"

"Jina langu nimeliweka mwisho."

"Nani anaanza kusoma mwisho?" Sauti ilimpanda. "Watu wamedhani amefufuka! Mimi nimedhani…" Akakatiza. Akachomoa nyaya za mashine, moja baada ya nyingine, vibaya, akaibeba kwapani pamoja na padi na simu ya Jabiri. Geti alilifunga kwa kufuli upande wa nje, akaondoka na ufunguo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Wakati wote huo Bi Siwema alikuwa ameketi, macho kwenye mkeka. Naila akamgeukia.

"Mama, hukusema neno."

"Niseme nini?" Bi Siwema hakuinua uso. "Ndiye mwanamume aliyenibakia."

Jioni ile Abubakari alirudi, akafungua kufuli, lakini kati ya wanawake wale wawili kitu kilikuwa kimejifunga. Walikula pamoja bila kuongea. Mvua za kupandia pamba zilianza, na bati la jiko likapigwa mchana kutwa. Naila alifua nguo safi. Alipanga vyombo akavipangua. Siku moja alipanda ngazi ya tangi kwa kisingizio cha kutazama maji, akasimama juu, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akaona mapaa ya Bariadi, mabati mapya na yenye kutu, na miti ya soko kule mbali. Macho yake yenyewe yakaanza kutafuta njia: bati la jiko, ukuta, banda la jirani. Kisha akaona ng'ambo ya ukuta mama mmoja anaanika mpunga, mtoto wake ameketi kwenye beseni. Uani kwa watu. Na baada ya hapo ukuta mwingine, na uani kwa wengine.

"Shuka, utaanguka," Bi Siwema alimwita kutoka chini.

Akashuka.

Abubakari naye aliacha kuingia ndani. Alileta mahitaji, akayaweka barazani, akaenda. Naila alidhani ni hasira. Akawa anahesabu kwamba mashine imekwisha kuuzwa.

Kumbe haikuwa imeuzwa. Mchana mmoja Abubakari alibisha hodi, akaingia amebeba mfuko wa salfeti, akautua sakafuni taratibu kama mwenye kubeba mayai. Alikuwa amekonda. Akaketi, akasema huku anautazama mfuko, "Shemeji, nina jambo la kukuuliza. Kwenye lile handaki la chini ya soko la samaki, mtu anatokaje?"

Naila hakuelewa. Abubakari ikambidi aeleze. Palikuwa na mtu aliyetaka kuinunua mashine, na yeye Abubakari akaiwasha kwanza kwenye runinga ya dukani ili ahakikishe ni nzima. Akamwona yule mtu juu ya paa. Mteja alipokuja, alimwambia haiuzwi. Tangu hapo, kila akifunga duka kwa swala ya adhuhuri, alirudi mapema akakaa nyuma ya rafu za matairi na kumtembeza mtu wa mdogo wake.

"Kidogo kidogo tu," alisema. "Nilitaka nione alikuwa anaona nini humo. Halafu nikaingia kwenye handaki, mlango ukajifunga. Kila siku anauawa. Nikizima, nikiwasha, yuko palepale. Nimeshindwa kumtoa."

Bi Siwema alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni. "Ulimshusha pale juu?"

"Nilimshusha, mama."

Naila aliunganisha nyaya. Mtu wa Jabiri alikuwa gizani, maji yanafika magotini, mkononi ana mpini wa shoka lisilo na kichwa. Hana dawa, hana bendeji. Nyuma yake mlango wa chuma, mbele yake wafu wamejaa njia nzima. Handaki lile Naila alilijua. Yeye aliliingia na mashoka mawili na chupa za moto, na bado alitoka anachechemea. Alijaribu kukimbia kwa pembeni, wakamshika. Alijaribu kusubiri kimya, wakamnusa. Alijaribu kupanda bomba la ukutani, akateleza. Kila mara mtu alianguka ndani ya maji, kioo kikawa chekundu, na mara akawa amesimama tena mlangoni na mpini wake. Abubakari aliinama mbele, ngumi kwenye magoti. Bi Siwema alikuja akaketi katikati yao.

Mwishowe Naila akaweka padi chini.

"Hatoki, shemeji."

"Hakuna kurudi nyuma? Kule juu ya paa?"

"Toleo la kwanza ulikuwa unasevu mwenyewe, pale unapotaka. Hili linajisevu lenyewe, na likijisevu linafuta la nyuma. Limejisevu mlango ulipojifunga. Sikuliandika hili kwa sababu halikunipata. Lakini ndilo kosa lao kubwa kuliko yote. Mtu anaweza kuingia mahali kwa hatua moja, na gemu ikamweka hapohapo milele."

"Kwa hiyo nimemfungia mimi."

"Mlango ulijifunga wenyewe."

Abubakari alifunika uso kwa viganja. Mabega yalimtikisika. Huyu ndiye aliyesimamia maziko bila kudondosha chozi, akapokea wageni, akahesabu sahani. Bi Siwema alimwekea mkono mgongoni, akatazama runinga, ambako yule mtu alikuwa bado anapumua gizani.

"Tukimwacha hivi, itakuwaje?" aliuliza.

"Kila tukiwasha atakuwa hapo," Naila alijibu. "Watamla, atasimama, watamla."

"Basi mfute. Hatukumzika mwanangu ili afe kila siku."

"Mimi siwezi," alisema Abubakari.

Naila akachukua padi. Gemu ikauliza kwa Kiingereza kama ana uhakika, kwamba kikifutwa hakirudi. Akawatafsiria. Bi Siwema aliitikia kwa kichwa. Abubakari akasema bismillahi kwa sauti ya chini, na Naila akabonyeza. Jina la Jabiri likatoweka kwenye orodha, likabaki la Naila. Muadhini alipoita alasiri, Abubakari aliinuka, akanawa uso kwenye bomba la uani, akaenda msikitini. Mashine aliiacha, na simu ya Jabiri akaiweka mezani.

Kesho yake grupu lilipata ujumbe kutoka kwa Abubakari mwenyewe, ambaye Limbu alikuwa amekwisha kumwingiza. Aliandika kwa herufi kubwa tupu: SHEMEJI ANASEMA ONGEZENI HILI KWENYE UBAYA. INAJISEVU YENYEWE. MSIINGIE HANDAKINI BILA SILAHA MBILI.

Eda ikaisha. Asubuhi hiyo Naila alioga, akavaa baibui jipya, akatoka getini, na hakuna aliyemzuia. Alitembea mpaka sokoni. Watu walimpa pole, wakashusha sauti, wakampisha njia kama aliyebeba kitu cha kuvunjika, na kabla hajanunua nyanya alizozifuata alikuwa amechoka kutazamwa. Akapanda gari la Mwamapalala akakae na mama yake. Alikaa siku chache. Kitanda kilikuwapo kama alivyoahidiwa, na watoto wanne, na wifi aliyemwita mgeni kila akitaka kumwagiza. Akarudi Bariadi bila kumuaga vizuri mtu yeyote.

Abubakari hakusema tena habari ya yeye kwenda kwao. Hakusema pia kwamba abaki. Naila alipomwomba kazi ya dukani, alikuna kidevu, akasema, "Tutaona," na Jumatatu akamwachia ufunguo kwa Bi Siwema. Sasa Naila anauza minyororo, plagi na matairi. Mafundi wanamheshimu kwa sababu hakosei saizi, na wengine wanakuja kumuuliza habari za gemu. Jioni anarudi kwenye nyumba ileile, chumba kilekile. Msumari wa dirishani ulishang'olewa, lakini mbao imevimba kwa mvua na dirisha halifunguki mpaka mwisho. Kikao cha familia kuhusu duka na nyumba kimepangwa mara kadhaa, na kila mara kimeahirishwa. Bi Siwema akimwona anafikiri humwambia asiharakishe, na Naila hajui kama ni upendo au ni woga wa kubaki peke yake.

Wiki iliyopita Kwandu alipiga simu wakati wa mauzo.

"Kija, watu wananiuliza. Kwako ni wapi sasa? Huko au huku?"

Naila alibana simu begani, akimkatia mteja kipande cha waya.

"Bado sijajua, mayu," alisema. "Nipe muda."

"Muda gani tena, mwanangu?"

Mteja akanyoosha mkono, Naila akampa waya wake, akapokea pesa. "Mpaka nijue mwenyewe, mayu," akamjibu.